Kadi Kumi na Mbili, na Moja

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa bandarini, kwa hiyo kisiwa hiki cha Mombasa ndicho kilichonilea, ingawa kwetu ni bara na hakuna mtu aliyewahi kulisahau hilo, hata mimi mwenyewe. Nimekula viazi vya karai vya hapa, nimeugua homa za hapa, nimekwenda kuzika wazazi wangu bara na nikarudi hapa. Ungeniuliza wakati ule kama liko neno la Kiswahili linaloweza kunipiga chenga, ningekucheka usoni.

Duka langu la uchapaji liko ukingoni mwa Mji wa Kale, chumba kimoja chini ya nyumba ya ghorofa, mkabala na duka la vitambaa. Nachapa kadi za harusi, fulana za timu za mtaani, vitabu vya risiti, vibandiko vya chupa za achari, na vikombe vyenye maneno ambayo watu wazima hawapaswi kuandikiana. Ukutani nilikuwa na matangazo mawili. La kwanza lilisema, CHINI YA HAMSINI HATUCHAPI. La pili, YA HARAKA, BEI NA NUSU. Kila mteja akilisoma la pili husema, akidhani yeye ndiye wa kwanza kulifikiria, kwamba haraka haraka haina baraka. Nami huwajibu kuwa haina baraka lakini ina risiti.

Juu ya kabati niliweka kamusi niliyopewa zawadi shuleni kwa kuwa wa kwanza katika Kiswahili. Niliiweka pale ili ionekane. Nilikuwa na kasoro moja niliyoiita kipaji: siwezi kuona sentensi ya mtu nikaiacha ilivyo. Wateja wananiletea maneno, mimi nayanyoosha. Nimewanyoosha walimu, nimemnyoosha wakili, na hakuna aliyelalamika, au kama walilalamika walilalamikia nje.

Aliingia Jumatatu asubuhi. Mama wa makamo ya kupita, miaka sitini na kitu, buibui lake limepigwa pasi mpaka linang'aa, mkononi mkoba mdogo wa ngozi.

"Hodi."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kadi za arusi, za dhahabu, na nazitaka leo, kabla ya Magharibi."

"Mia mbili?" nikauliza, maana ndivyo nilivyofikiri nitasikia.

"Kumi na mbili."

Nilimwonyesha tangazo ukutani. Akalisoma kwa kulikodolea macho, akasema yeye hana watu hamsini wa kuwapa kadi, ana kumi na mmoja, na moja ataiweka mwenyewe. Nikaanza hotuba yangu ya kila siku. Wino wa dhahabu, nikamwambia, hauchapwi kwa kubonyeza kitufe. Lazima nitengeneze fremu mpya yenye maneno yake, niipake dawa, niikaushe, niichanganyie wino, niharibu kadi kama kumi mpaka rangi ikae sawa, kisha nioshe kila kitu. Kazi hiyo ni ileile nikichapa kumi na mbili au nikichapa mia tatu. Ni kama kumkandia mtu unga na kumkokea jiko halafu aseme anataka chapati moja. Kwa hiyo atalipa bei ya hamsini, na kwa kuwa anazitaka leo, ataongeza nusu.

Alipiga hesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Kisha akaguta.

"Subhanallah! Kadi moja yashinda sahani ya biriani?"

"Ndiyo bei ya chache, mama."

"Kwa hivyo mwenye watu wachache ndiye alipaye zaidi."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyeambiwa jambo ambalo tayari alilijua. Nilikerwa, maana lilikuwa kweli na lilikuwa limetoka kwangu. Ili kupunguza makali nikamuuliza kama harusi ni ya mjukuu.

"Yangu," akasema.

Kalamu ilinidondoka. Sijui uso wangu ulifanya nini, lakini yule mama alicheka hadi akatafuta mahali pa kuketi. Nikavuta kiti. Nilikuwa nimeshtuka mno hata nikasahau kuficha kwamba nimeshtuka. Kwa akili yangu ya wakati ule, mwanamke wa umri ule huchapishiwa kadi za kumbukumbu ya marehemu mumewe, si za harusi, tena za dhahabu.

Basi akanieleza, kwa kuwa niliuliza bila haya. Ni mjane wa miaka mingi. Aliyemposa ni mjane pia, fundi cherehani aliyestaafu, mtu wa adabu. Wanawe wameona aibu. Lakini aliyemuuma zaidi ni ndugu yake wa kiume, mdogo wake, wa pekee aliyebaki. Aliposikia habari ya posa alisema dada yake anataka kumwaibisha uzeeni, na tangu siku hiyo, mwaka mzima, hawajasemezana. Na bila yeye hakuna ndoa, kwa sababu baba yao amekufa na yeye ndiye walii, yaani mwanamume wa ukoo ambaye dini inamtaka asimame kumwoza mwanamke. Ingewezekana kadhi amwoze badala yake, lakini hapo mji mzima ungejua kwamba nduguye alimkataa.

"Majirani nitawaita kwa mdomo," akasema. "Hizi kadi ni za waliokataa mdomo wangu. Labda hawataikataa karatasi."

Nikachukua daftari. Mimi ni mtu wa biashara.

"Ni lini?"

"Usiku wa Ijumaa hii, baada ya Isha."

"Mbona basi haraka, mama? Una siku nne nzima."

"Tatu," akasema, akizihesabu kwa vidole.

Sikubishana naye. Wazee siwakosoi mdomoni, huwakosoa kwenye karatasi. Nikamuuliza tarehe. Akasema hizo tarehe za kizungu niangalie mwenyewe kwenye kalenda yangu. Nikageuka ukutani, nikaweka kidole kwenye Ijumaa, nikaiandika.

Kwa kawaida kila mteja hupata nakala ya mfano. Anaipeleka nyumbani, anaisoma na watu wake, anairudisha na sahihi. Kazi ya haraka haina mfano. Hilo ndilo mtu analonunua anaponunua haraka, ingawa sikuwahi kulieleza hivyo kwa mtu yeyote. Niliketi, nikaandika. Nilipofika kwenye siku, maneno yake yakanikaa vibaya masikioni. Usiku wa Ijumaa. Yalikuwa matamu, lakini niliyaona ya kizamani, ya kuimbwa. Nikayanyoosha. Nikaandika "Ijumaa usiku," na tarehe yake pembeni, na jina la duka langu nyuma kwa herufi ndogo, nikafurahi.

Aliporudi baada ya Alasiri hakuwa na miwani yake. Aliishika kadi mbali na uso, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akagusa maua yaliyopamba kando kwa ncha ya kidole.

"Mato yangu hayaoni maandiko," akasema, "lakini maua yapendeza."

Nikamsaidia kutia kumi na moja kwenye bahasha. Alilipa bei yote bila kupunguziwa hata shilingi, akamwita dereva wa tuktuk anayemwamini, akampa azipeleke. Bibi harusi haendi mwenyewe kugonga milango. Wiki ile nilimtaja kwa kila rafiki niliyekutana naye. Nilisema, jamani, nimechapa kadi za bibi harusi wa miaka sitini, na zimetoka safi kuliko za wasichana.

Jumamosi asubuhi alirudi. Nilipomwona mlangoni nilipiga kigelegele. Nilikipiga kweli, kile cha bara, kirefu, mpaka mwenye duka la vitambaa akachungulia. Yule mama hakutabasamu. Safari hii alikuwa amevaa miwani. Alifungua mkoba, akatoa ile kadi yake ya kuweka, akailaza mezani.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma kwa sauti ya mashairi. Nilipofika kwenye siku akaniinulia mkono.

"Hapo. Mimi nalikwambia nini?"

"Usiku wa Ijumaa."

"Nawe umeandika nini?"

"Ijumaa usiku. Mama, ni kitu kimoja."

Alinitazama muda mrefu. Nimetazamwa na wateja wenye hasira, wengine wamenirushia fulana usoni, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakuwa na hasira. Alikuwa akinitafuta, kama mtu anayeangalia kama nyumbani kuna mwenyewe.

"Alhamisi jua likizama," akasema polepole, "Alhamisi imekwisha. Usiku uingiao ni wa Ijumaa. Usiku ndio utanguliao, mtana wake ukafuata. Arusi yangu ilikuwa juzi."

Niliduwaa. Niliona mdomo wake ukiendelea kusema na sikusikia neno. Zile siku tatu alizozihesabu kwa vidole mbele yangu! Zilikuwa tatu. Mimi ndiye niliyeshindwa kuhesabu.

Alinieleza yote, bila kuinua sauti, na laiti angeiinua. Alhamisi jioni nyumba ilijaa majirani. Bwana harusi alifika na watu wake, shehe akafika. Wakamngoja walii. Shehe akatazama saa, akatazama tena, akaomba udhuru, akaondoka. Watu wakala ule wali kimya kimya, wakaaga mmoja mmoja. Kati ya watu wa kadi hakuja hata mmoja. Yeye akaamini hilo ndilo jibu lao. Alfajiri ya Ijumaa akafunga mlango, akaenda kujificha kwa mpwa wake huko Kibarani, asionane na macho ya jirani.

Na Ijumaa, baada ya Isha, ndugu yake akaja. Amevaa kanzu nyeupe na koti. Amekuja na wana wa yule mama, wote aliodhani wamemkataa, na zawadi zimefungwa kwa karatasi. Wakagonga. Mlango una kufuli. Jirani alisema ndugu yake alisimama pale barazani mpaka wengine wakaona haya kumtazama, kisha akasema, "Kumbe alituita atucheke," akaenda zake.

"Alikuja," yule mama akaniambia. Hapo ndipo sauti yake ilipokatika. "Mwaka mzima, na alikuja."

Nilifanya kitu cha kijinga. Niliinuka nikaishusha kamusi yangu kutoka kabatini, nikatafuta neno usiku. Nilitaka kuona nimekosea wapi, au nilitaka bado kuwa sijakosea, Mungu anajua. Kamusi ilinieleza usiku ni nini. Haikunieleza ni wa nani. Nikaifunga.

"Lakini nimechapa kadi za watu wa hapa miaka yote hii," nikasema, "na sijawahi kukosea."

"Wajuao kuwa wewe ni mtu wa bara hukuandikia wenyewe kila kitu," akasema. "Hukuandikia Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa. Mimi nalikusikia usemavyo nikadhani wewe ni wa hapa. Umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, mama."

Jibu langu mwenyewe liliniumiza kuliko tusi. Nikaanza kulia, nikasema nitamrudishia pesa zake zote, nitamchapia upya kumi na mbili, mia mbili, chochote atakacho. Akaniacha niseme mpaka nikachoka.

Akasema bwana harusi hakununa. Amesema wiki moja zaidi si kitu kwa mtu aliyekaa peke yake miaka kumi. Shehe amekubali kuja tena usiku wa Ijumaa ijayo. Wanawe amewapigia simu, wameelewa, na mkubwa wao alilia. Lakini ndugu yake hapokei simu. Na yeye hawezi kuwakalisha majirani mara ya pili kumngoja walii asiyekuja. Akikosa kuja safari hii, amekata shauri, atamwambia yule fundi atafute mke mwingine.

"Basi nataka kadi," akasema. "Moja."

"Moja?"

"Kadi moja ni pesa ngapi?"

"Bure, mama. Bure kabisa."

"Sikukuuliza bure. Nimekuuliza moja."

Nikatazama ukutani. Kwa sheria yangu mwenyewe, niliyoitunga na kuichapa kwa herufi kubwa, kadi moja ilikuwa bei ya hamsini. Nikaona haya kuitamka. Yeye akaitamka kwa niaba yangu, akahesabu noti, akaziweka juu ya kadi ya zamani. Nilitaka kuzikataa, kisha nikaelewa kwamba nikizikataa nitakuwa nimemfanya ombaomba wa majuto yangu. Alikuwa anataka kadi ya heshima, iliyolipiwa, kama ya bibi harusi yeyote. Nikazipokea.

"Na nusu ya haraka?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Vyema. Mara hii haraka siitaki. Enda polepole."

Tulikwenda polepole. Niliandika kila neno alivyolitamka, nikamsomea, nikamwachia nakala ya mfano hadi Jumatatu. Aliirudisha na sahihi yake chini, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Nikatengeneza fremu nzima kwa ajili ya kadi moja. Niliharibu kumi na nne kabla ya kupata ile niliyoitaka. Usiku wa Ijumaa, ikasema, kwa dhahabu, na chini yake tarehe ya Alhamisi. Nilimwita mwenye duka la vitambaa, mzaliwa wa mtaa ule, akaisoma mara mbili. Kisha yule mama akaniambia neno nililokuwa nikiliogopa.

"Ipeleke wewe. Nikienda mimi, atadhani naomba. Kosa ni lako, nawe ndiye utakayelibeba."

Ndugu yake alikuwa akikaa Ganjoni, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Huenda tumesimama foleni moja ya mkate miaka yote. Alifungua mlango mwenyewe, mzee mrefu, fulana ya ndani na kikoi. Nilitoa shikamoo, akaitikia nusu. Nikampa bahasha. Akaifungua, na aliposoma jina la duka nyuma ya kadi akataka kunirudishia.

"Umetumwa unicheke tena?"

Nikasema yote palepale kizingitini, haraka haraka, bila nukta. Nilimwambia dadake alisema usiku wa Ijumaa, na mimi nikaandika Ijumaa usiku kwa sababu nilijiona najua Kiswahili kuliko mwenye Kiswahili. Uso wake ukabadilika. Alishika fremu ya mlango.

"Kwa hivyo Alhamisi..." akasema.

"Walikuwepo wote. Shehe, bwana harusi, majirani."

"Na yeye?"

"Alikungoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka shehe akaondoka, baba. Halafu akaendelea kukungoja."

Nilimwona mzee yule akipigwa na jambo kama nilivyopigwa mimi. Akasema, si kwangu, kwamba hata yeye alishangaa kidogo kuona Ijumaa usiku, maana kwao harusi zote zilikuwa za usiku wa Ijumaa, tangu babu. Lakini akasema moyoni karatasi ndiyo imesema, na dada yake siku hizi hufanya mambo yake. Angeweza kuuliza. Lakini kuuliza kungemlazimu apige simu. Kisha akaichukua bahasha, akafunga mlango, hakuniahidi chochote.

Alhamisi nilifunga duka baada ya Alasiri nikaenda nyumbani kwa yule mama. Sikualikwa, nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa kwingine. Mikeka ilikuwa bado imekunjwa. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, hina mikononi, amekatazwa kusimama pale na kila mwanamke aliyekuwa ndani, naye hakumsikia hata mmoja. Nikasimama kando ya ukuta nikaomba kwa dini yangu.

Tuktuk ikasimama kwenye kona, kwa kuwa uchochoro ni mwembamba. Akashuka mzee mrefu mwenye kanzu nyeupe na koti. Alitembea taratibu, akitazama chini, na alipofika barazani akainua uso akamtazama dada yake. Hakutoa salamu.

"Leo siku gani?" akauliza.

Yule mama alishika mlango.

"Alhamisi."

"Na usiku uingiao?"

Alijibu kwa sauti, majirani wakasikia.

"Wa Ijumaa."

"Basi nimekuja siku yake, dada," akasema, na akavua viatu. Kabla ya kuingia alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ile kadi ya kwanza, ya Ijumaa usiku, imekunjwa katikati. Alinigeukia pale ukutani.

"Hii irudishe dukani," akaniambia. "Ina kosa."

Niliipokea kwa mikono miwili.